Malimbuko ya Nakijwa

Leteni masikio. Majibu yaacheni kwanza mlangoni, mtayahitaji mwishoni.

Habari hii husimuliwa katika ukoo wetu kila mtoto anapokaribia kuanza darasa la kwanza, kwa kuwa wazazi huuliza watarajie nini katika mwaka huo. Niliipokea kwa mama yangu, naye aliwajua wote waliomo. Sikuongeza mtu wala sikupunguza.

Walikuwepo watu watatu katika milima ya Upare, na kila mmoja alijaliwa kitu. Bibi Nakiete alijaliwa vidole. Alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilitambulika sokoni hata kwa kupapaswa. Namsifu, binti yake, alijaliwa ulimi. Watu walisema angeweza kumshtaki jogoo kwa kuwika na akashinda kesi. Mbazi hakujaliwa vidole wala ulimi; alijaliwa mgongo. Palipokuwa na jiwe la kuhamishwa au mgonjwa wa kuteremshwa bondeni, aliitwa Mbazi, naye alikuja bila kuuliza ni mbali kiasi gani.

Watatu hawa waliunganishwa na mtoto mmoja, Nakijwa. Kwa Nakiete alikuwa mjukuu. Namsifu alikuwa shangazi yake, na Mbazi alikuwa mjomba wake, kaka wa mama. Baba yake alifia kwenye mashamba ya mkonge, na mama akafuata kabla watu hawajamaliza kutoa pole za kifo cha kwanza. Mtoto akabaki akizunguka katika nyumba tatu, leo kwa bibi, kesho kwa shangazi, keshokutwa kwa mjomba. Tena homa ya utotoni ilikuwa imempoozesha mkono wa kulia, ukanyauka.

Kwetu mkono wa kushoto hauli, haupokei kitu, wala haunyooshwi mbele ya mkubwa. Kwa hiyo bibi alipoona mjukuu anashika kila kitu kwa kushoto, aliufunga mkono ule ubavuni kwa kamba ya mgomba ili wa kulia ulazimike kuamka. Haukuamka. Wa kushoto nao ukaanza kusahau kazi.

Wakati ule vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba milimani. Mwalimu aliupima umri kwa mkono: mtoto aliupitisha juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, umri umetimia. Nakijwa alipopelekwa mara ya kwanza, alitoa mkono wa kulia, kwa kuwa ndio mkono wa kumtolea mkubwa. Haukupita hata utosi. Mwalimu Kajiru akasema arudi mwakani. Mwaka uliofuata alirudi na mambo yakawa yale yale, na watoto aliowazidi umri wakaingia darasani mbele ya macho yake. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Mkono ule ulionyauka ulifunikwa na shuka, naye alipima kama alivyofundishwa kupima. Waliompeleka walidhani ameuona.

Mara ya tatu alipelekwa na Namsifu. Mwalimu alipotamka neno lile la mwakani, Namsifu hakuondoka. Alilivua shuka la mtoto mbele ya wazazi wote, akaikata kamba ya mgomba kwa meno, akamwambia Nakijwa atumie mkono wa kushoto. Mtoto alimtazama kana kwamba ameambiwa amtukane mwalimu.

"Mbele ya mwalimu, shangazi?"

"Mbele yake hasa. Yeye ndiye anayetaka kuuona."

Mkono wa kushoto ukapita juu ya kichwa, ukafika sikioni, ukashuka hadi kwenye taya. Wazee waliokuwepo waligeuza nyuso. Namsifu akasema maneno mengine ambayo mama yangu hakunirudia, ila yalimchoma mwalimu kiasi kwamba aliliandika jina la mtoto bila kuinua kichwa. Ndivyo Nakijwa alivyoingia shule.

Siku hiyo mwalimu aliwaeleza wazazi watarajie nini. Kabla ya mwaka kwisha, alisema, mtoto ataandika jina lake. Atahesabu mbuzi wa baba yake bila kukosea. Atasoma hadithi fupi. Atarudi na chawa wa wenzake, na ataanza kuwasahihisha nyumbani. Wazazi wakacheka. Kisha akaeleza shule inatarajia nini kwao: kila asubuhi mtoto awahi kengele, na aje na mzigo mdogo wa kuni kwa ajili ya jiko la shule. Asiyekuja na kuni atachapwa. Hapo hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyepinga.

Namsifu alikuwa amefungua mlango, lakini mkono uliofungwa miaka yote ile haukujua kushika chaki. Herufi za Nakijwa zilianguka kwenye kibao chake kama kuku waliolewa. Mwalimu, ambaye bado alikuwa na kidonda cha maneno ya shangazi, alimchapa kwa kosa la kuandika kwa kushoto, na alipomwona akijaribu kwa kulia akamchapa kwa uchafu wa kazi. Mtoto akaanza kujificha vichakani asubuhi.

Nakiete alipojua, hakwenda shuleni kugombana. Alichukua udongo wake wa kufinyangia, akautandaza juu ya ubao ukiwa bado mbichi, akaushika mkono wa kushoto wa mjukuu, mkono ule ule alioufunga yeye mwenyewe. Alikuwa hajui kusoma. Nakijwa alimweleza umbo la kila herufi kama alivyolikumbuka, na bibi akakiongoza kidole udongoni, taratibu, kama anavyopiga mistari kwenye shingo ya chungu. Palipokosewa alisawazisha kwa kiganja na wakaanza upya. Vyungu havikufinyangwa miezi ile. Macho ya bibi yalikwisha kuanza kuingia ukungu, naye alijua kwamba anautumia mwanga uliobaki kwa kazi isiyoleta unga nyumbani. Lakini herufi zilisimama. Mwalimu Kajiru alizitazama kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hakumchapa tena kwa sababu ya mkono wa kushoto.

Ndipo masika yakaja.

Kati ya kijiji na shule palikuwa na mto, na daraja la magogo lilichukuliwa na maji ya kwanza. Wazazi wengi waliwaweka watoto nyumbani. Mbazi, ambaye mwanzoni alisema mkono mmoja unamtosha msichana kuchunga mbuzi, alibadili neno lake siku alipomwona Nakijwa akilichora jina la mama yake kwenye majivu ya jikoni. Asubuhi iliyofuata alimpandisha mgongoni, akavuka naye. Akafanya hivyo kila asubuhi, na mchana alimngoja ng'ambo. Alimvusha mtoto kwanza, kisha alirudi kuchukua kuni, kwa kuwa mto ule haukuruhusu mizigo miwili.

Siku moja maji yalikuwa na rangi ya damu ya ng'ombe. Alimvusha, akamsimamisha juu ya jiwe.

"Kengele ikilia, usinisubiri," alimwambia. "Kimbia. Kuni nitakuletea."

Akarudi. Alizipata kuni, akaziweka kichwani, akaingia tena majini. Nakijwa alimwona hadi alipofika katikati, penye kona. Kisha kengele ikalia, naye alikuwa mtoto mtiifu, akakimbia.

Shuleni wasio na kuni walipangwa mstari. Mwalimu alimkuta Nakijwa wa mwisho, amelowa, ametulia.

"Kuni zako ziko wapi?"

"Mjomba anazileta, mwalimu."

Mwalimu akasema sawa, akamrudisha darasani. Mwili wa Mbazi ulipatikana chini sana, kwenye mashamba ya mpunga.

Siku za matanga zilipokwisha, mvua zilikuwa bado zinanyesha. Mjane wake, Elinaja, mwanamke mwembamba asiyekuwa na mtoto, alimpandisha Nakijwa mgongoni, akaingia mto ule ule. Watu walimkataza. Alijibu kwamba mumewe hakuimaliza kazi yake, na nyumba yake haina desturi ya kuacha kazi njiani. Alimvusha hadi maji yalipopungua.

Mwaka ukafika ukingoni. Kila alichokitaja mwalimu kilitimia: Nakijwa aliandika, alihesabu, alisoma, na aliwasahihisha watu nyumbani. Lakini wiki za mwisho alianguka darasani. Ilionekana kwamba hakuwa amekula. Bibi alidhani amekula kwa shangazi, shangazi alidhani amekula kwa mjane, na mjane alidhani amekula kwa bibi. Mwalimu Kajiru akatuma neno kwa ukoo: mtoto wa nyumba tatu hulala njaa, wachague moja.

Walikutana darasani siku ya kufunga shule, wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka. Mkuu wa ukoo, mzee Sengondo, aliwakumbusha desturi yetu. Malimbuko hayagawanywi. Hindi la kwanza la shamba hupewa mtu mmoja, aliyelifanya shamba lizae, na huyo ndiye anayekabidhiwa shamba. Nakijwa alikuwa hajawahi kuandika neno kwenye ubao mkubwa wa shule. Neno lake la kwanza hapo litakuwa malimbuko yake: jina la mtu mmoja. Atakayeandikwa atamchukua mtoto moja kwa moja.

Namsifu alisema anaolewa Korogwe, ambako shule iko jirani na nyumba na hakuna mto wa kuvuka. "Bila ulimi wangu," alisema, "mngekuwa mnampima sikio hadi leo."

Elinaja, mjane, alisema, "Ulimi wako ndio uliomchapisha viboko."

"Na mgongo wa mumeo ulisema mbuzi wanamtosha."

"Ulisema. Kisha ukafa." Elinaja hakupaza sauti. "Nyumba yangu ilitoa mtu. Sikuwa na mwingine wa kutoa. Nataka kujua tu, nirudi kwenye nyumba tupu?"

Nakiete alikuwa wa mwisho. Alisema ni kweli yeye ndiye aliyeufunga mkono ule, na ni yeye aliyeufundisha. Mlango ukifunguliwa kwa asiyejua kuandika, atatolewa kwa mlango huo huo. Na mgongo ungevusha mtoto kumpeleka kwenye fimbo. Macho yake yalikuwa yamepofuka. Hakuomba ahurumiwe. Alisema tu kwamba bado kuna herufi ambazo mtoto anaziandika zikiwa zimelala, na vidole vyake vinaziona.

Mtu mmoja wa ukoo akapendekeza mtoto aulizwe anampenda nani. Mzee Sengondo akakataa.

"Amekwisha kufiwa na watatu," alisema. "Mnataka awazike wawili wengine kwa mkono wake?"

Mzee alitafuta neno la kuamua, akalikosa. Alitazama upande wa mwalimu, na mwalimu akatazama sakafu. Basi, ili jambo lisikwame, mzee akainuka, akachukua chaki, akampa Nakijwa.

Nakijwa aliupeleka mkono wa kulia kuipokea, kama alivyofunzwa kupokea kwa wakubwa. Chaki ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, na safari hii hakuna mzee aliyegeuza uso. Akaenda mbele ya ubao mkubwa. Akainua mkono. Hakugeuka kumtazama yeyote.

"Nimwandike nani?" aliuliza.

Namsifu alifungua mlango. Nakiete alimpa mkono. Mbazi alimvusha, na mjane wake akamalizia njia. Ukimwondoa mmoja, asingefika pale ubaoni. Na jina likishaandikwa, wawili watakaobaki watarudi nyumbani peke yao, kwa kuwa malimbuko hayagawanywi.

Mama yangu aliishia hapo, nami naishia hapo. Sasa yachukueni majibu yenu pale mlangoni. Mtoto amesimama, mkono uko juu, na wazee wote wamenyamaza. Je, wewe ungemwambia aandike jina la nani?