Neti ya Mgeni

Ziii. Mbu mmoja alilia gizani, na mama mmoja mjane akafumbua macho.

Sauti ilitoka chumba cha pili, alikolala mwanawe Evodi. Alikuwa amefika jioni ile kutoka ng'ambo, baada ya miaka mingi.

Miaka hiyo mama aliishi peke yake. Kaka yake Evodi naye aliwahi kurudi hivyo hivyo, akala, akacheka, na kabla likizo haijaisha akazikwa nyuma ya migomba. Daktari alimwambia mama kwamba ni malaria. Wazee wa ukoo walisema amerogwa na mmoja wa majirani, wakakataza jina la marehemu lisitajwe hadi muuaji apatikane. Mama aliuogopa ukoo, akanyamaza.

Jirani aliyezoea kunywa naye kahawa akashukiwa, akaacha kuja. Evodi akaogopa kurudi kwao. Nyumba ikabaki na sauti moja tu, ya mama akijisemesha.

Sasa Evodi amerudi, na woga wake bado anao. Mlango wa nje ameutia komeo jipya. Ndizi alizotumiwa na jirani yule amezikataa. Lakini neti aliyotundikiwa na mama ameikunja, akaiweka kitini.

Mama akachukua taa, akaingia.

"Mama, hulali?"

"Nitalalaje, na wewe umelala bila neti? Ulimeza dawa za kinga kabla ya kusafiri?"

Evodi akacheka. "Mama nawe. Nilipokwenda ugenini nilichanjwa mpaka mkono ukavimba. Kurudi kwetu nijikinge na nini? Neti ni ya wageni. Mimi nimekua na malaria, damu yangu inaijua."

"Ilikuwa inaijua. Damu nayo husahau, mwanangu. Ukikaa mbali muda mrefu, kinga hupungua. Daktari alinieleza."

"Daktari yupi?"

Mama akaitazama neti kitini. Maneno hayo ya neti na damu alikwisha kuyasikia kwa marehemu, kutoka kitanda hicho hicho, neti ikiwa imekunjwa vile vile.

"Kalale, mama. Mimi namwogopa mtu, siogopi mdudu. Aliyemmaliza kaka bado yu hai, ndiyo maana nimefunga mlango."

"Umemfungia ndani."

Evodi akaketi, akaangaza macho pembeni. "Nani?"

Ziii. Mbu akapita karibu na taa. Mama akapiga kofi moja, kisha akafungua kiganja kwenye mwanga. Palikuwa na doa la damu mbichi.

"Hii ni damu yako," alisema. "Kesho tunakwenda kwa daktari akupime, akupe na dawa. Tukirudi tutapita kwa jirani, tumwombe kahawa. Usiku huu utalala ndani ya neti. Wazee walisema tunyamaze hadi muuaji apatikane."

Akamsogezea mwanawe kiganja. Akasema polepole, kama mtu anayejifunza kusema upya.

"Nimempata. Huyu ndiye aliyemuua kaka yako, Byabato."

Funzo: Kabla ya safari mwone daktari akupe chanjo na dawa za kinga, hata kama safari yenyewe ni ya kurudi kwenu, kwani mbu hajui mwenyeji wala mgeni. Mpelekee ujumbe huu ndugu yako aliye mbali, kabla hajafunga mizigo.