Ayodini ya Mwalimu

Ndugu zangu, leo sina maneno matamu.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa kemia, na binti yake alikuwa mwanafunzi wake. Siku moja maabarani aliwaambia wanafunzi wachanganye ayodini, ile dawa ya kahawia, na maji ya kufutia rangi ya kucha, watie tindikali kidogo, wapime kasi ya mmenyuko, yaani dawa hizo zinavyobadilika. Kisha wazidishe ayodini mara mbili, wapime tena. Wenzake walimjua mwalimu wao, wakaandika anachokipenda: kasi imeongezeka maradufu. Binti aliandika alichokiona. Kasi ni ile ile.

Mwalimu akamwita mbele, akaichana karatasi yake.

“Ukiongeza kuni, moto haukui? Nimezaa mwongo.”

Wiki hiyo hiyo akafungua kitabu. Kumbe mmenyuko ule huenda kwa hatua, na mwendo wote hupangwa na hatua iliyo ya polepole. Ayodini huingia baadaye, kwenye hatua ya haraka. Uimimine hata ndoo nzima, kasi haibadiliki. Akakifunga kitabu. Mwalimu mzima amwombe mtoto radhi, tena mbele ya darasa?

Binti akaolewa mbali, asije tena kwao. Baba akatuma mchele. Akatuma wazee. Akafanya ibada ya shukrani kwa ajili yake, na mchungaji wao akaja, akala pilau, asiulize kitu. Wachungaji ndivyo tulivyo.

Mwaka wa kumi na moja baba akaugua, binti akaja kumwona. Baba akalalamika.

“Mwanangu, nimekuombea, nimekutumia kila kitu. Nizidishe nini?”

“Baba,” akasema binti, “hivyo vyote ni ayodini.”

Mnadhani baba hakuelewa? Alielewa kuliko sisi sote. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: nilikosea. Akageukia ukutani, akamwagiza mkewe amfungie binti gunia jingine la mchele. Binti akaliacha mlangoni. Mchele huo ndio uliopikwa matangani, Jumamosi tulipomzika baba yake.

Na sisi? Tunanung’unika kwamba Mungu anachelewa. Tunaongeza mifungo, tunaongeza mikesha, juzi tumeongeza kwaya ya tatu. Hatua ya polepole tunaijua. Ina jina, ina nyumba, na wengine mmekaa nayo benchi moja asubuhi hii, hamsalimiani.

Sitafunga ibada kwa sala leo. Mlango uko wazi. Anayejua nyumba ya kwenda, aende sasa hivi, na mchele auache.