Supu ya Pimbi na Gazeti la Fisi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakinywa chai ya asubuhi huku wamefunua gazeti, mhariri alikuwa Fisi. Na Fisi alikuwa na mtindo wake: habari ikianza na "Watafiti wamegundua", mstari wa pili hausomi. Anaipachika kichwa kikubwa, anaipeleka mtamboni, huyoo anakwenda kula.

Siku moja gazeti likatangaza kwamba supu ya pimbi huponya jino. Basi tena! Simba jino lilikuwa likimtesa, hali wala halali. Akatuma salamu kwa Mama Pimbi kule majabalini: kesho asubuhi naja na sufuria.

Mama Pimbi akawatazama wanawe, akaogopa kweli kweli. Lakini hakukaa kulia. Akateremka mbio, tipu tipu tipu, hadi kwa mhariri.

"Shikamoo, mzee. Hao waliopewa supu walikuwa wangapi?"

"Marahaba. Ngiri mmoja," Fisi akajibu, ndipo kwanza anauchungulia mstari wa pili huku anatafuna mfupa, kwacha kwacha.

"Akapona?"

"Jino lilikuwa limeshang'oka. Maswali ya nini, mama? Wasomaji wameipenda."

Mama Pimbi hakubishana. Akaaga kwa adabu, akaketi nje, akaandika habari yake mwenyewe: Watafiti wamegundua dawa ya jino inayoishinda supu ya pimbi. Dawa yenyewe akaitaja mwishoni kabisa. Fisi alipoletewa, akaona yale maneno mawili anayoyapenda, akacheka, hii hii hii, akaipeleka mtamboni.

Asubuhi Simba akafika na sufuria yake. Mama Pimbi akampa gazeti, akamwomba alimalize. Kwa jinsi lile jino lilivyomuuma, Simba alisoma mpaka nukta ya mwisho: dawa ni mafuta ya fisi, hasa fisi mhariri.

Akageuza njia. Mama Pimbi nyuma yake.

Fisi alipobanwa ukutani akapiga ukelele. "Mtukufu, subiri! Nani kapima? Walipimwa wangapi?"

"Ndivyo nilivyomuuliza mimi jana," akasema Mama Pimbi. "Hakupimwa yeyote, Mtukufu. Habari hii nimeitunga, naye kaichapa bila kuisoma. Ya supu ya pimbi nayo kaichapa hivyo hivyo: alipimwa ngiri mmoja tu, tena jino lake limeshang'oka."

Simba akaiweka sufuria juu ya meza ya mhariri, taratibu.

"Ikae hapa," akasema. "Siku ukinichapia tena usichokisoma, nitajua pa kuikuta."

Akaenda zake kung'olewa jino. Na Fisi, hadi leo, akiletewa ugunduzi huitazama kwanza ile sufuria, halafu anauliza walipimwa wangapi.

Nanyi, wanangu, msiamini ugunduzi wa gazetini kabla ya kuuliza ulipimwaje.