Seva Isiyouliza Maswali

Fungeni Biblia zenu kidogo mnisikilize. Leo sikuja kumbembeleza mtu.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti za watu pamoja na barua pepe zao. Wateja mia tatu hivi: maduka, shule, zahanati, hata makanisa. Barua za wote zilitoka kwenye seva moja, yaani kompyuta moja kuu, kwa anwani moja. Shikeni hilo. Huko zinakokwenda, hakuna anayeangalia sura ya aliyeandika. Wanaangalia barua imetoka nyumba gani.

Ikafika siku ya kuchagua programu mpya ya kuendesha barua hizo. Fundi wake, dada mmoja asiyependa utani kazini, akamletea mbili.

"Bosi, hii ya kwanza ni ngumu. Kila mteja lazima athibitishwe ndipo atume, na akizidisha barua inamzuia yenyewe. Ya pili inapitisha chochote. Nakuomba tuchukue ya kwanza."

"Dada, wateja wangu wengi ni ndugu, jamaa, watu ninaosali nao. Shemeji yangu nimkague kama mwizi? Watasema nimeota mapembe. Weka ya pili."

"Na akitokea mmoja..."

"Nimesema weka ya pili!"

Akaiweka. Angefanyaje?

Basi aliyetokea ni shemeji huyo huyo. Aliandika barua za utapeli, "Hongera, umeshinda gari," akazituma elfu arobaini asubuhi moja. Hakuna kilichomzuia. Kufika adhuhuri, seva kubwa kubwa za dunia zilikuwa zimeiandika anwani ile kuwa ya matapeli, na kila barua iliyotoka humo ikakataliwa. Ya shule, ikakataliwa. Ya kanisa nayo ikakataliwa.

Miongoni mwa wateja alikuwamo mama muuza vitambaa, ambaye mwanawe ana tundu kwenye moyo. Hospitali moja ya ng'ambo ilimpa nafasi ya upasuaji, ikamwandikia: jibu kabla ya Ijumaa, la sivyo tunampa mwingine. Mama alijibu siku ile ile ya utapeli, alasiri. Jibu lake likatupwa bila hata kurudishwa, na nafasi akapewa mtoto mwingine.

Akaja ofisini, mtoto anahema mgongoni. Mnajua bwana yule alimwambia nini?

"Samaki mmoja akioza, mama, wote wameoza."

Alithubutu! Mtu umemponza, halafu unamtupia methali!

"Kaka, nani alimtia huyo samaki kapuni bila kumnusa?"

"Nielewe, mama. Yule ni mtu wangu wa nyumbani."

"Na huyu mwanangu ni wa nani?"

 Swali hilo ni langu pia, na ndiyo maana nina hasira.

Msimcheke. Sisi tumefanya vilevile! Jumapili iliyopita, humu humu, tulimchagua mlezi wa watoto wa Shule ya Jumapili. Dada mmoja akasimama akauliza: huyu ndugu alikuwa usharika gani, na kwa nini aliondoka huko? Swali dogo tu. Tukamzomea! "Kaa chini, tunamjua, ni mkwe wa mzee wa kanisa." Tukapiga makofi, na mimi mchungaji wenu nikapiga. Tena tukauita upendo. Upendo gani unaoogopa kumuudhi mtu mzima kuliko kumlinda mtoto? Ile ilikuwa kuona haya kuulizana maswali, basi.

Mmeshangaa kwa nini leo watoto wamekaa humu nasi, wanawasumbua? Darasa nimelifunga mimi. Litabaki limefungwa mpaka swali la yule dada lijibiwe, na majibu nitayasoma hapa hapa mbele yenu. Mwenye kuudhika na aniudhikie mimi.