Makreti Arobaini ya Bwana Mlay

Siwema alikuwa dereva wa lori la vyakula mjini Moshi, na mteja aliyemchosha kuliko wote alikuwa Bwana Mlay, mwenye hoteli.

"Wapishi wangu si makuli," Mlay alimwambia asubuhi hiyo pia. "Shusha mwenyewe, dada. Makreti yote arobaini."

Mgongo ulimuuma Siwema, na barafu ya samaki wa wateja wengine ilikuwa inayeyuka. Akaitazama karatasi ya mzigo, akafunga mlango wa lori.

"Samahani, bosi. Kumbe mzigo huu ni wa hoteli ya jirani yako."

"Wa yule mshindani wangu?" Mlay akageukia jikoni. "Wapishi wote njooni! Fungueni lori, shusheni upesi kabla hajaondoka!"

Makreti yalipokwisha kushushwa, Siwema alimpa karatasi atie saini. Mlay akaisoma.

"Mbona pameandikwa jina langu?"

"Basi nilisoma vibaya, bosi," alisema Siwema.

Akawasha lori.