Nyumba Yenye Mimba

Mbacha ni mkeka mkuukuu wa nyumbani; msala ni mkeka mzuri wa kusalia, ila aliyeubeba ni mpita njia, na ataondoka nao. Jovitus, mfanyabiashara wa kahawa wa Kimuli, aliijua methali ya mikeka hiyo miwili tangu shule ya msingi. Kuiamini ndiko kulikomshinda.

Kati ya migomba yake zilisimama nyumba mbili. Mpya, ambayo alijiandaa kuhamia, ilikuwa na vigae vyekundu na madirisha ya vioo. Ya zamani aliijenga marehemu babu yake, mzee Pastory, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe na kuyaunga kwa udongo wa kichuguu. Kwa nje ilikuwa ya mraba kama nyumba yoyote. Lakini ndani, katikati, mzee alizungusha ukuta mnene wa duara, kwa sababu alizaliwa katika msonge na hakutaka kulala penye pembe. Kijiji kikacheka, kikaiita Nyumba Yenye Mimba.

“Shikamoo bibi. Jumatatu mafundi wanaibomoa,” Jovitus alimwambia bibi yake, Sperancia. “Matofali yatatufaa kwa uzio.”

“Marahaba. Waitu! Mjukuu wangu, unabomoa mwenye mimba?” bibi alijibu huku akimenya ndizi ndani ya nyumba hiyo, kwenye mlango wa duara. Nyuma yake, mle ndani, watoto pacha wa Jovitus walikuwa wakikimbizana.

Jovitus aliangua kicheko, akatoka. Hajafika kwenye gari lake, ardhi ikanguruma. Migomba iliyumba bila upepo, na tetemeko likambwaga chini kifudifudi. Alipoinua kichwa, ukuta wa mbele wa nyumba mpya ulikuwa umelala uani, vigae vimesagika. Nyumba ya zamani haikuonekana kwa vumbi.

“Wanangu!” alipiga ukelele, akakimbilia humo.

Vumbi lilitua polepole. Pembe zote nne zilikuwa zimeporomoka. Katikati, duara la mzee Pastory lilisimama wima, jekundu, halina hata ufa. Jovitus aliishi na ukuta ule maisha yake yote, na siku hiyo ndiyo kwanza aliuona. Mlangoni akatokea bibi, kisu bado mkononi, na pacha wamemng'ang'ania kanga, wamejaa vumbi lakini wazima.

“Imejifungua,” bibi alisema.

Jovitus aliweka kiganja kwenye tofali, akalia bila aibu.

“Na mafundi wa Jumatatu?”

“Waje, bibi. Wanijengee ya duara.”

Usiache mbachao kwa msala upitao.