Sheria ya Moshi

Palikuwa na nchi tajiri, hata vitasa vya milango ya wakubwa vilikuwa vya dhahabu, na watu wake wakilala njaa. Waziri wa Chakula, Bwana Kilindo, ambaye tumbo lake lilimtangulia hatua mbili kila aendako, hakutaka kuisikia habari hiyo. Alisimama roshanini na darubini, akautazama mtaa wa Mabanzini.

"Kila nyumba inafuka moshi. Wanapika, wameshiba. Wafutieni mgawo wa unga!"

Mpishi wake, Bi Sikudhani, alikuwa mzaliwa wa Mabanzini. Alijua masufuria yale yalichemsha maji matupu, ya kuwapumbaza watoto mpaka walale.

"Umenena, mheshimiwa," akasema. "Na pasipofuka moshi?"

"Hapo ndipo penye njaa. Chakula cha serikali kiende huko."

"Basi itie sahihi sheria hiyo, bwana, wakorofi wasije wakaipinga."

Waziri akacheka, akasaini.

Wiki ile ile akawaalika mabalozi kwenye karamu ya kusherehekea mwisho wa njaa, akatoa mbuzi wanane wa serikali wapikwe. Tangu alfajiri jiko lake lilifuka moshi mzito, wageni wakimeza mate. Adhuhuri wakafunua sinia la kwanza: tupu. La pili: tupu.

"Sikudhani! Pilau iko wapi?"

"Mheshimiwa, moshi umefuka hapa tangu alfajiri. Mmeshashiba."

"Na mbuzi wanane wa serikali?"

Bi Sikudhani akamkabidhi darubini. Mabanzini kote hapakuwa na nyumba hata moja iliyofuka moshi. Watu walikuwa barazani wakijilamba vidole.

"Leo wamezima majiko, bwana. Nimewapelekea kwa sahihi yako."